Biokemia katika Chuo Kidogo au Chuo Kikubwa: Ulinganisho wa Masomo na Kazi Zinazofuata

Mwanafunzi aliyepata nafasi ya kusomea biokemia katika vyuo vikuu viwili, kimoja kidogo na kingine kikubwa kinachojulikana kwa utafiti, hukabiliwa na uamuzi ambao orodha za kupanga vyuo kwa sifa hazimsaidii sana. Orodha hizo hutazama zaidi machapisho, manukuu na umaarufu miongoni mwa wasomi. Mambo hayo yana uzito wake, lakini hayasemi mwanafunzi wa mwaka wa pili atashika pipeti, kifaa cha kupimia na kuhamisha vimiminika kidogo kidogo, mara ngapi kwa wiki, wala ni nani atakayesoma ripoti yake ya maabara na kumwonyesha mahali hesabu ilipokosewa. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi huyo, pamoja na mzazi au mlezi anayemshauri.

Kwa chuo kidogo ninamaanisha chuo ambacho idara ya biokemia ina wahadhiri wachache, pengine imeunganishwa na kemia au biolojia, na ambacho wanafunzi wa uzamivu ni wachache au hawapo kabisa. Chuo kikubwa ni kile chenye idara pana au hata taasisi kadhaa zinazogusa somo hili, makundi mengi ya utafiti, na wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaofanya kazi humo mchana na usiku. Vipo vyuo vilivyo katikati, na msomaji atalazimika kukiweka chuo chake mahali panapofaa kati ya ncha hizi mbili.

Vigezo vya kulinganishia

Biokemia huchunguza kemia inayoendesha uhai: jinsi protini zinavyojikunja, vimeng'enya vinavyoharakisha mmenyuko, sukari inavyovunjwa ili seli ipate nishati, na taarifa iliyo katika DNA inavyosomwa na kutumika. Tangu Eduard Buchner alipoonyesha mwaka 1897 kwamba majimaji yaliyokamuliwa kutoka katika hamira, bila seli hai, bado yanaweza kuchachusha sukari, somo hili limekuwa la kutenganisha, kusafisha na kupima. Hujifunzwa kwa mikono. Ndiyo maana ukubwa wa chuo una uzito zaidi hapa kuliko katika masomo ambayo maktaba nzuri na mwalimu mzuri vinatosha.

Kwa sababu hiyo nitavilinganisha vyuo hivi kwa vigezo sita: maabara ya mafunzo, walimu na namna wanavyomfahamu mwanafunzi, nafasi ya kushiriki utafiti, kina na upana wa mtaala, vifaa na data, na gharama ya muda na fedha. Baada ya hapo nitazipitia kazi zinazofuata na kutazama kila kazi inadai nini kutoka katika vigezo hivyo. Sikuliweka jina la chuo kuwa kigezo cha peke yake, kwa kuwa nguvu yake hutofautiana mno kati ya kazi na kazi, na nitaligusa pale linapohusika.

Maabara ya mafunzo

Tuchukue jaribio ambalo karibu kila mwanafunzi wa biokemia hulifanya, la kupima kasi ya kimeng'enya cha laktati dehidrojenesi. Kiambata kiitwacho NADH, molekuli inayosaidia kimeng'enya hicho, hufyonza mwanga wa nanomita 340, ilhali umbo lake lililooksidishwa halifyonzi mwanga huo, na kwa hiyo mwenye spektrofotomita ya kawaida, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, anaweza kuufuatilia mmenyuko sekunde kwa sekunde, akabadilisha kiwango cha sabstreti (kitu ambacho kimeng'enya hukibadilisha), akachora grafu, na hatimaye akakokotoa thamani za mlinganyo wa kasi ya vimeng'enya uliochapishwa na Leonor Michaelis na Maud Menten mwaka 1913. Jaribio hilo halidai mashine ya fedha nyingi. Linadai muda, vitendanishi ambavyo havijaharibika, na mtu wa kumuuliza mwanafunzi kwa nini mstari wake umepinda mahali ambapo haukupaswa kupinda.

Chuo kidogo kina nafasi kubwa ya kuyatoa hayo. Darasa la watu kumi na watano likigawanywa wawili wawili, kila mmoja hupata kupima, kukosea na kurudia, na mara nyingi wanafunzi hutengeneza bafa zao wenyewe (miyeyusho inayozuia pH isibadilike), wakarekebisha pH na kuandaa jeli za elektroforesisi, zinazotumika kutenganisha molekuli kwa umeme, kwa kuwa hakuna kikosi cha mafundi sanifu cha kuwafanyia. Kazi hiyo ya maandalizi huonekana duni, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayotofautisha mtu anayeweza kuajiriwa maabarani na mtu aliyewahi kuingia maabarani. Upungufu nao upo na haufai kufichwa: mashine ikiharibika huenda hakuna ya pili, kitendanishi kilichoagizwa kinaweza kuchelewa hadi muhula ukaisha, na jaribio likageuka kuwa zoezi la kuchambua data za darasa la mwaka uliotangulia.

Chuo kikubwa kwa kawaida kina maabara za mafunzo zilizopangwa vizuri zaidi, ratiba isiyoyumba, na mafundi sanifu ambao huweka kila kitu mezani kabla ya darasa kuanza. Mwanafunzi hupitia mbinu nyingi zaidi, kuanzia kukuza nakala za DNA kwa PCR hadi kusafisha protini kwa kromatografia, mbinu ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Hata hivyo idadi ya wanafunzi huamua mengi. Kundi la watu watano kwenye meza moja humfanya mmoja ashike pipeti na wanne waandike, na ni rahisi kwa mwanafunzi mpole kumaliza mwaka mzima akiwa miongoni mwa hao wanne.

Walimu

Katika chuo kidogo, mhadhiri anayefundisha umetaboli, yaani mimenyuko ya kemikali ndani ya seli, ndiye anayesimamia maabara, ndiye anayesahihisha ripoti, na mara nyingi ndiye msimamizi wa mradi wa mwaka wa mwisho. Baada ya miaka mitatu au minne anamjua mwanafunzi kwa jina, kwa uwezo na kwa udhaifu wake, na barua ya mapendekezo atakayoiandika huwa na mambo mahususi: kwamba aliweza kusafisha protini fulani baada ya kushindwa mara kadhaa, kwamba daftari lake la maabara linasomeka, kwamba hakubali tokeo zuri kabla ya kulirudia. Kamati zinazochagua wanafunzi wa uzamivu huzithamini barua za namna hiyo. Upande wa pili ni kwamba wahadhiri wachache humaanisha mitazamo michache. Ikiwa mtaalamu pekee wa vimeng'enya amekwenda likizo ya masomo au amehama, somo lake laweza kusimama mwaka mzima, na ikiwa mwanafunzi hakuelewana na msimamizi huyo, hana wa kumkimbilia.

Chuo kikubwa humweka mwanafunzi karibu na watu wanaoongoza utafiti katika fani zao, na kusikia mhadhara wa mtu aliyeligundua jambo analolifundisha kuna thamani yake. Humo pia wamo wanafunzi wa uzamivu na watafiti waliomaliza uzamivu, ambao kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza huwa walimu wa karibu kuliko profesa mwenyewe: wanajua mbinu za kila siku, wanakumbuka ugumu wa kuanza, na wanaweza kumweleza njia waliyopitia. Ila katika ukumbi wa watu mia tatu hakuna anayegundua kwamba mwanafunzi fulani ameacha kuelewa tangu wiki ya nne. Huko juhudi za kuwafuata walimu ofisini ni za mwanafunzi mwenyewe, na asiyezifanya huishia na barua ya mapendekezo inayotaja alama zake tu.

Kushiriki utafiti

Hapa ndipo dhana nyingi zinapokosea. Wengi huamini kwamba anayetaka kuwa mtafiti hana budi kuanzia chuo kikubwa. Jennifer Doudna, aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2020 na Emmanuelle Charpentier kwa mbinu ya kuhariri jeni, alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1985 katika Pomona, chuo kidogo cha Marekani, na utafiti wake wa mwanzo aliufanya katika maabara ya mwalimu wake wa hapo, Sharon Panasenko, kabla ya kwenda Harvard kwa uzamivu. Thomas Cech, aliyeshiriki Nobeli ya mwaka 1989 kwa kuonyesha kwamba RNA inaweza kufanya kazi ya kimeng'enya, alisoma Grinnell, chuo kingine kidogo. Kwa upande mwingine yupo Frederick Sanger, aliyesoma Cambridge wakati idara ya biokemia ya huko ikiongozwa na Frederick Gowland Hopkins, akabaki katika mazingira hayo na kupata Nobeli mbili za kemia, mwaka 1958 kwa kazi yake kuhusu muundo wa insulini na mwaka 1980 kwa mbinu ya kusoma mfuatano wa DNA. Watu hawa ni wachache mno kuweza kuthibitisha kanuni yoyote, lakini wanatosha kuonyesha kwamba mlango haujafungwa upande wowote.

Tofauti iliyopo ni ya namna utafiti unavyofanyika. Katika chuo kidogo kisicho na wanafunzi wa uzamivu, mhadhiri akitaka kazi yake isonge mbele lazima awatumie wanafunzi wa shahada ya kwanza, na hivyo mwanafunzi anaweza kukabidhiwa swali zima, hata dogo, alifuatilie mwanzo hadi mwisho. Kasi huwa ndogo, fedha huwa haba, na makala zinazotoka ni chache. Katika chuo kikubwa mwanafunzi huingia katika mradi mkubwa unaokwenda kwa kasi, hujifunza viwango vya juu, na jina lake linaweza kuwa miongoni mwa waandishi wengi wa makala inayosomwa duniani kote, lakini kazi aliyopewa yaweza kuwa kipande kimoja, kama kuandaa plazimidi (vipande vya DNA vya duara) wiki baada ya wiki, bila kulifahamu vizuri swali lenyewe. Nafasi zenyewe hugombewa, na huwaendea wale walioandika barua pepe mapema na bila kuchoka.

Ni vema kuuliza swali hili moja kwa moja katika kila chuo: katika darasa lililohitimu mwaka jana, wanafunzi wangapi walifanya mradi wa maabara wenye data zao wenyewe, na wangapi waliandika mapitio ya machapisho tu? Idara inayojali utafiti wa wanafunzi wake haitapata shida kulijibu.

Kina na upana wa mtaala

Kigezo hiki hupuuzwa, nami ningekiweka juu kuliko vyote kwa anayelinganisha vyuo vidogo viwili au zaidi. Programu ya biokemia iliyokamilika ina nguzo zinazojulikana: kemia ya jumla na kemia ogania yenye maabara, kemia ya kifizikia, kalkulasi na takwimu, biolojia ya seli na jenetiki, kisha biokemia yenyewe kwa angalau mihula miwili, ikigusa muundo wa protini, kinetiki ya vimeng'enya, umetaboli na biolojia ya molekuli. Baadhi ya vyuo vidogo hutangaza shahada ya biokemia ilhali walichonacho ni masomo ya biolojia na ya kemia yaliyowekwa pamoja, huku biokemia halisi ikiwa muhula mmoja. Shahada ya aina hiyo haina ubaya wenyewe, lakini mwenye nayo atakapofika kwenye masomo ya uzamili atajikuta akijifunza termodinamiki ya kufungamana kwa molekuli kwa mara ya kwanza, pamoja na wenzake waliokwisha kuisoma.

Kemia ya kifizikia ndiyo kipimo cha haraka. Ni somo gumu, wanafunzi hulikwepa, na idara ndogo hushawishika kuliondoa. Lakini bila hilo mtu hawezi kueleza kwa nini protini hujikunja, wala kusoma kwa uelewa data za kufungamana kwa dawa na kipokezi chake. Chuo kidogo kinacholifundisha kwa dhati kinastahili kuaminiwa katika mengine.

Chuo kikubwa hakina tatizo la nguzo. Humo mwanafunzi hupata pia masomo ya hiari ambayo chuo kidogo hakiwezi kuyatoa: kinga ya mwili, biokemia ya neva, biolojia ya miundo, famakolojia, bioinfomatiki. Hatari ya huko ni kutawanyika, maana anayechukua vipande vingi vya hiari bila mpango huhitimu akijua majina ya fani nyingi na kina cha chache. Katika vyuo vidogo masomo ya hiari huweza kufundishwa mwaka mmoja na kurukwa mwaka unaofuata, hivyo ni busara kuomba ratiba halisi ya miaka miwili iliyopita badala ya kutegemea kitabu cha mwongozo wa masomo, ambacho huorodhesha hata yale ambayo hayajafundishwa kwa muda mrefu.

Jambo la mwisho hapa ni ithibati. Zipo nchi ambazo vyama vya kitaaluma hupitia programu za shahada ya kwanza na kuzipa ithibati, na nchini Marekani chama cha biokemia na biolojia ya molekuli hufanya hivyo. Kwa chuo kikubwa chenye jina, ithibati ya namna hiyo haiongezi mengi. Kwa chuo kidogo kisichojulikana mbali, humwambia mwajiri kwamba kuna jicho la nje lililoukagua mtaala.

Vifaa na data

Chuo kikubwa kinashinda waziwazi katika mashine. Spektrometa za masi zinazopima uzito wa molekuli, NMR ya nguvu ya juu inayochunguza muundo wa molekuli kwa sumaku, hadubini za elektroni zinazotumia baridi kali, ambazo waliozibuni walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2017, ni vifaa ambavyo ununuzi na matunzo yake yako mbali na bajeti ya chuo kidogo. Lakini mwanafunzi aulize ni nani anayeruhusiwa kuvigusa. Kuna vyuo vikubwa ambavyo mwanafunzi wa shahada ya kwanza hukabidhi sampuli dirishani na kupokea faili la matokeo, na kuna vyuo vidogo vyenye HPLC moja ya zamani, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaijua kuanzia pampu hadi kigunduzi. Huyo wa pili, akipelekwa kwenye maabara ya kiwanda, huanza kazi mapema.

Upande wa data pengo limepungua sana. Hazina ya dunia ya miundo ya protini, iliyoanzishwa mwaka 1971, iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Tangu mwaka 2022 hifadhi ya AlphaFold, programu ya akili bandia inayotabiri miundo ya protini, imekuwa na miundo iliyotabiriwa ya protini zaidi ya milioni 200, na programu za kuichambua hupatikana bila malipo. Mwanafunzi wa chuo kidogo anayejifunza lugha moja ya programu za kompyuta pamoja na takwimu anaweza kufanya mradi wa kweli kuhusu familia ya vimeng'enya bila kumwomba mtu mashine. Tahadhari ni kwamba utabiri wa muundo haumalizi kazi: kimeng'enya kinachoonekana kizuri kwenye kioo cha kompyuta bado kinapaswa kutengenezwa, kusafishwa na kupimwa.

Gharama

Ada hutofautiana kwa namna isiyofuata ukubwa wa chuo, kwa hiyo sitasema kwamba upande mmoja ni nafuu. Nitasema hivi tu: ikiwa mpango ni kuendelea hadi uzamivu, deni kubwa la shahada ya kwanza hubana uamuzi wote unaofuata, na chuo kidogo kinachotoa ufadhili kinaweza kuwa njia ya akili zaidi ya kufika kwenye maabara kubwa baadaye. Muda nao uhesabiwe, hasa pale ambapo somo la lazima lisilofundishwa kila mwaka linaweza kumchelewesha mwanafunzi kuhitimu.

Kazi zinazofuata

Kabla ya kulinganisha, ukweli mmoja hauna budi kusemwa wazi, kwa kuwa wengi huujua wakiwa wamechelewa. Shahada ya biokemia, popote iliposomewa, haimpi mtu leseni ya taaluma kama zinavyofanya famasi, uuguzi au udaktari. Humpa msingi mpana, na kinachofuata hutegemea anachoongeza juu yake: uzoefu, cheti, au shahada nyingine.

Udhibiti wa ubora viwandani ni njia ya moja kwa moja kwa mwenye shahada ya kwanza. Viwanda vya dawa, vyakula na vinywaji, pamoja na maabara huru za upimaji, huhitaji watu wa kuchukua sampuli, kuendesha HPLC, kupima uchafuzi na kuandika kumbukumbu zinazoweza kukaguliwa. Maabara za upimaji hufuata kiwango cha ISO 17025, na viwanda vya dawa hufuata kanuni za utengenezaji bora. Anayevijua viwango hivi kabla ya usaili huonekana tofauti na wenzake. Mwajiri wa aina hii hutazama mikono na nidhamu ya daftari kuliko jina la chuo, kwa hiyo aliyesoma chuo kidogo chenye maabara nzuri hana sababu ya kujiona nyuma. Mhitimu wa chuo kikubwa naye hufaidika na siku za waajiri na ofisi ya ajira yenye mawasiliano mapana, jambo ambalo vyuo vidogo hulifanya kwa unyonge.

Maabara ya hospitali ndiyo inayozua kukatishwa tamaa kwingi. Jina lake ni biokemia ya kitabibu, na mwanafunzi hudhani kwamba shahada yake inamfungulia mlango. Katika nchi nyingi, anayepima sampuli za wagonjwa na kuidhinisha majibu lazima awe amesajiliwa na baraza au bodi ya taaluma hiyo, na usajili hudai programu maalumu ya sayansi ya maabara ya tiba au mafunzo ya ziada yaliyotambuliwa. Ukubwa wa chuo haubadilishi sharti hilo hata kidogo. Anayeitaka kazi hii kwa moyo wote aulize baraza la nchi anakotaka kufanya kazi kabla ya kujiandikisha, na huenda akagundua kwamba shahada inayomfaa ni nyingine kabisa.

Utafiti wa kitaaluma, na nafasi za juu za utafiti katika kampuni za dawa, hupitia uzamivu. Marekani mtu anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, na kazi hiyo huchukua takribani miaka 5 hadi 6. Uingereza huwa miaka 3 hadi 4, mara nyingi baada ya uzamili. Programu nyingi za sayansi humlipa mwanafunzi posho, na baada ya hapo wengi hufanya kipindi kimoja au viwili vya utafiti wa muda kabla ya kupata kazi ya kudumu, kazi ambazo ni chache kuliko wanaozitafuta. Chuo kikubwa humpa anayeelekea huko mazoea ya mazingira atakayoishi na majina yanayotambulika kwenye barua za mapendekezo. Chuo kidogo humpa barua zenye undani na mradi alioumiliki. Mwanafunzi wa chuo kidogo mwenye lengo hili ningemsihi atumie angalau likizo moja ndefu katika maabara ya utafiti ya chuo kingine, kwani programu za aina hiyo zipo, na baadhi huwalenga kwa makusudi wanafunzi kutoka vyuo visivyo na utafiti mkubwa.

Udaktari wa binadamu, wa meno na wa mifugo ni lengo la wengi wanaoichagua biokemia. Pale ambapo udaktari husomewa baada ya shahada ya kwanza, kama Marekani, biokemia ni maandalizi mazuri, na mtihani wa kujiunga una maswali yake. Pale ambapo mtu huingia udaktari akitoka sekondari, kupitia biokemia kwanza ni kuzunguka, na kunafaa tu kama njia hiyo ya kuzunguka imefunguliwa rasmi. Katika safari hii alama huwa na uzito mkubwa, na mazingira ya karibu ya chuo kidogo huwasaidia baadhi ya wanafunzi kuzilinda.

Zipo pia kazi ambazo wanafunzi hawasimuliwi sana: kusimamia majaribio ya dawa kwa binadamu, kuandaa majalada ya kuomba usajili wa dawa, kuuza na kufundisha matumizi ya vifaa vya maabara, uhariri wa kisayansi, na kazi za hataza (haki za kisheria za mvumbuzi), ambazo humhitaji mtu anayeweza kusoma maelezo ya ugunduzi na kuona jipya liko wapi. Nyingi kati ya hizi hudai uandishi ulionyooka, na mwanafunzi aliyeandika ripoti nyingi zilizosahihishwa kwa makini, jambo linalowezekana zaidi katika madarasa madogo, huja nalo tayari. Kazi za data za kibayolojia hudai hesabu na programu za kompyuta, na hapo chuo kikubwa chenye idara imara za takwimu na kompyuta kina faida inayoonekana. Ualimu wa sekondari nao uko wazi kwa anayeongeza stashahada ya ualimu, na unastahili kuchaguliwa na watu wanaoupenda.

Mwongozo kwa kila hali

Ikiwa unajifunza vizuri pale unapoulizwa maswali na kujulikana, ikiwa ulitoka shule ambayo maabara yake ilikuwa haba na unahitaji muda wa kuzoea vifaa bila kuaibika, au ikiwa lengo lako ni kazi ya kiwandani mapema baada ya kuhitimu, chuo kidogo chenye kemia ya kifizikia, maabara za kila wiki na mradi wa lazima wa mwaka wa mwisho kitakufaa. Kikikosa mambo mawili kati ya hayo matatu, tafuta kingine.

Ikiwa tayari unajua kwamba unataka biolojia ya miundo, neva, au fani nyingine inayodai mashine kubwa, na tabia yako ni ya kujitokeza na kuomba nafasi bila kusubiri kuitwa, chuo kikubwa kitakulipa. Anza kuwaandikia viongozi wa maabara katika mwaka wa kwanza au wa pili, usingoje wa mwisho.

Ikiwa hujaamua kati ya biokemia, kemia na biolojia, chuo kikubwa hukupa nafasi zaidi ya kuhama fani bila kuhama chuo, wakati chuo kidogo chenye idara iliyounganishwa hukuruhusu kuzionja zote tatu chini ya paa moja. Tazama kanuni za kuhama mkondo katika kila kimoja, maana baadhi ya vyuo hufunga mlango huo baada ya mwaka wa kwanza.

Ikiwa unataka uzamivu lakini ufadhili uko chuo kidogo, chukua ufadhili, kisha panga mapema mambo mawili: likizo ya utafiti mahali pengine, na masomo ya hesabu zaidi ya yale ya lazima.

Na ikiwa hospitali ndiyo inayokuita, weka vyuo vyote viwili pembeni kwa wiki moja, pata orodha ya programu zinazotambuliwa na baraza la usajili, na uone kama mojawapo ya programu ulizokubaliwa imo.